Lisilopiga Hodi

Masanduku mawili meusi juu ya meza ya jikoni,
kati ya unga na jibini ya Tsiuri.
Yamefanana kama pacha:
tundu lile lile, kitaa kile kile kidogo,
waya ule ule wa kwenda ukutani.
Tofauti imeandikwa tumboni,
kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi.
Moja lasema volti ishirini na nne.
Lingine, arobaini na nane.

Mwezi wa kumi sikusoma.
Theluji ilikuwa imeshafika shingoni mwa mlima,
Murtaz yuko juu ya mlingoti, vidole vimekufa ganzi,
ananipigia kelele: Chomeka, Pikria, chomeka!
Nikachomeka lililokuwa karibu na mkono.
Taa iliwaka. Hilo ndilo linaloniuma.
Iliwaka kwa muda wa kupiga chafya,
kisha ikaja harufu:
plastiki, na kitu kitamu, kama karanga zilizoungua.

Yako masanduku yenye adabu.
Husimama mlangoni, hubisha kwa volti chache,
husikiliza kama ndani yumo wa kupokea,
ndipo huingiza mzigo.
Hili letu halikufunzwa hivyo.
Liliingia kwa bega,
na redio, iliyozoea nusu ya nguvu ile,
haikuwahi hata kusema karibu.

Miezi mitano.
Nyumba kumi na tisa, nimezihesabu usiku nikikosa usingizi.
Eteri ana mwanawe Gdansk, anapanga makasha ghalani,
na walikuwa wakionana kila Jumapili kwenye kioo cha simu.
Jumapili zote hizo alijifunga kitambaa chake kizuri,
akakaa mbele ya simu isiyo na kitu.
Hakunilaumu.
Aliniletea mfuko wa jozi, amezibangua mwenyewe.
Heri angenitukana.

Basi leo nasoma.
Miwani ya marehemu baba,
na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa mtoto wa darasa la nne.
Volti zilingane: hapa hakuna takriban.
Ampea zikizidi, haidhuru,
redio hula kwa kadiri ya njaa yake, ikashiba, ikaacha.
Zikipungua utaiona inaamka na kuzirai usiku kucha,
hasa pale inapokuwa na maneno mengi ya kupeleka.
Tena kebo: mita themanini
kutoka zizi la Murtaz hadi kileleni,
na umeme nao hupanda mlima ukihema,
haufiki juu na pumzi ulizoondoka nazo.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya unga.
Nimekosea. Nimepiga tena.
Tsiuri anauliza mbona nanong'ona namba kama niko kanisani.

Redio mpya yataka wati kumi na moja.
Sanduku la kwanza ni ishirini na nne kweli, lakini nusu ampea:
kwa kebo ile, litaishia njiani.
La pili ni lile lile muuaji.
Kwa hiyo, kati ya mawili, hakuna.

Nimelizungushia muuaji uzi mwekundu,
nikaliweka rafu ya juu, pamoja na sumu ya panya.
Nimempigia muuza vifaa wa Zugdidi kwa simu ya posta:
ishirini na nne, ampea moja, nikamtaka anisomee kibandiko
herufi kwa herufi, akaguna, akasoma.
Litakuja na gari la mkate, barabara ikifunguka.

Nilimkuta Eteri akipura matope kwenye viatu.
Akauliza: Jumapili hii?
Nikasema: Labda ijayo. Nililonalo halitoshi.
Akatazama juu, kule mlingoti ulikosimama mtupu,
na kunguru mmoja ameufanya wake.
Miezi mitano, na wiki moja zaidi.
Nikangoja anikate kwa neno.

Akanishika kiwiko.
Likifika, akasema, usichomeke peke yako.
Niite. Unisomee na mimi
lililoandikwa tumboni.